Jina la Mwisho Katika Sala

Jumapili, 2 Machi 2025. Tororo.

Sister Amuge, mkufunzi wetu, ametuamuru tuwe na daftari la kuandika kila tunachojifunza wodini, kwa Kiingereza, kwa kalamu ya bluu, na atalikagua kila Ijumaa. Hili si hilo. Hili ni langu, linalala chini ya godoro, na ninaandika Kiswahili kwa sababu ndicho nilichosomea ng'ambo, upande wa Kenya, na pia kwa sababu wasichana wa chumba hiki hawana subira ya kukisoma.

Mvua ya kwanza imeanza leo. Mwamba wa Tororo umejifunika mawingu tangu asubuhi.

Saa kumi baba akapiga simu, kama kila Jumapili baada ya kanisa. Kwenye simu ana maswali matatu tu: umekula, unaumwa, unasali. Ukishajibu anasema, "Sasa tuombe," na hapo ndipo mazungumzo yenyewe yanapoanza. Sala ya baba inajulikana mtaa mzima kule nyumbani Busia. Nilipokuwa mdogo ugali ulikuwa unapoa tukiwa tumefumba macho. Anashukuru kwa mvua, kwa jua, kwa mpaka, kwa baiskeli yake. Anamtaja mama, ambaye mwaka huu ni wa pili tangu tumzike. Kisha anatuteremsha watoto kwa mpangilio wa kuzaliwa: Geoffrey na mke wake Phiona, Sam, Bridgit, Ritah, na mwisho kabisa, "na Taaka, mama yangu." Nimebeba jina la mama yake, ndiyo maana.

Majina yote hayo huyasema kwa pumzi moja. Alibeba abiria kwa baiskeli miaka ishirini na tatu, upande huu na upande ule wa mpaka, na bado hujipiga kifua akisema, "Mimi pumzi iko." Leo alitulia kidogo kabla ya Ritah. Nilidhani ni mtandao.

Jina langu likaja. Nikasema Amina kwa sauti, wenzangu wakanicheka, nami sikujali. Nimekaa wiki nzima bila kuitwa mama yangu na mtu.

Jumanne, 4 Machi.

Tumeanza kupima mwili. Uliza, tazama, papasa, gonga, sikiliza. Sister aliyaandika ubaoni kisha akayafuta, akamwambia kila mmoja wetu ayarudie. Isipokuwa tumbo: tumboni unasikiliza kabla ya kupapasa, kwa sababu mkono wako ukishayatibua matumbo yataunguruma kwa ajili yako na si kwa ajili ya ugonjwa.

Kugonga kulinifurahisha. Unalaza kidole cha kati juu ya mbavu, unakigonga kwa kidole cha mkono wa pili, na sauti inakuambia kama ndani kuna hewa au kuna maji. Nilikuwa naijua tangu zamani. Baba huligonga jerikani hivyohivyo kujua maji yamefika wapi, bila kulifungua.

Ijumaa, 7 Machi.

Mvua. Daftari la Sister limerudi na duara nyekundu saba.

Jumapili, 9 Machi.

Alisema Amina baada ya Ritah.

Nikasubiri, simu sikioni. Nikamwambia, "Baba, umenisahau." Akacheka, akakohoa, akasema, "Mungu anakujua wewe. Hapana haja ya kumkumbusha." Kisha akaaga. Nimejaribu kucheka na mimi.

Alhamisi, 13 Machi.

Leo kuhesabu pumzi. Siri yake ni kwamba mgonjwa asijue. Ukimwambia, "Nahesabu unavyopumua," papo hapo anaanza kupumua kama mtu anayepigwa picha. Kwa hiyo unamshika kifundo cha mkono kana kwamba bado unahesabu mapigo, huku macho yako yako kifuani. Dakika nzima kwa saa. Mtu mzima ni kumi na mbili hadi ishirini. Zaidi ya hapo mwili unalalamika, hata kama mdomo unasema uko sawa.

Hivyo ndivyo darasani. Wodini nina Opendi. Opendi ni kijana wa Molo, hapahapa Tororo, mcheshi, ametutangulia mwaka mmoja. Alinitazama nimesimama na saa yangu kwenye kitanda cha kwanza, akatikisa kichwa.

"Dada, utamaliza lini? Kitanda ni ishirini na nane."

"Sister amesema dakika nzima."

"Sister anasema. Hiyo ya pumzi weka tu ishirini. Wewe ulisikia nani amekufa na ishirini?"

Nikafungua chati. Kweli, wodi nzima ilikuwa inapumua ishirini. Mzee ishirini, kijana ishirini, aliyevunjika mguu ishirini, asubuhi na jioni, kama kwaya. Nilicheka mpaka machozi. Kisha nikawaandikia watu tisa ishirini na kwenda kula.

Jumapili, 16 Machi.

Leo ameishia kwa Bridgit. Ritah naye kaachwa, basi angalau nina mwenzangu.

Sitajidanganya, imeniuma. Najua kinachomkera. Mama alipofariki nilikuwa mtoto pekee aliyebaki nyumbani. Nilipata nafasi ya kusomea uuguzi, na baba akasema neno moja tu, "Nenda." Hakuuliza nani atampikia. Geoffrey yuko barabarani na malori, wengine wametawanyika, na ingawa Phiona anaishi pale uani, mke wa mwana haingii nyumba ya baba mkwe wake kama anavyoingia binti. Sasa naona ile "Nenda" ilikuwa na mengi ndani. Ananifuta pole pole kutoka mwisho.

Nataka kuitwa. Sijui kuliandika kwa njia nyingine.

Jumatano, 19 Machi.

Mvua. Nguo hazikauki. Wagonjwa wote ishirini.

Jumanne, 25 Machi.

Nimefanya jambo baya, na nitaliandika lote.

Kitanda cha kumi na moja kuna mzee anaitwa Ikwap. Aliingia jana na kikohozi. Ni mpole, anashukuru hata ukimsogezea kikombe. Binti yake yupo, anafua nguo zake nje kwenye bomba. Leo asubuhi nilimpima joto, presha na mapigo. Kwenye pumzi nikaandika ishirini na kuondoka.

Saa nne Sister Amuge akaja ameshika chati. Hakupaza sauti.

"Hii mwandiko ni ya nani?"

"Ni yangu, Sister."

"Kuja."

Akavuta kiti, akaniketisha kando ya mzee Ikwap, akanipa saa yake ya mkononi. "Hesabu. Dakika moja. Mimi nasimama hapa."

Dakika ni ndefu sana ukiwa na aibu. Nilitazama blanketi likipanda na kushuka. Nilitazama pua zikitanuka. Nilitazama ngozi kati ya mbavu ikivutwa ndani kila alipovuta hewa, kitu ambacho asubuhi kilikuwa palepale mbele yangu na sikukiona. Thelathini na sita. Sister alikuwa ameshatuma mtu kuita daktari kabla sijamaliza. Wakamwekea oksijeni. Nimonia, pande zote mbili.

Kisha Sister akaniambia, mbele ya Opendi na mbele ya binti wa mzee aliyesimama na ndoo: "Wewe hukuhesabu vibaya. Mtu anaweza hesabu vibaya, namsamehe. Wewe uliandika mtu ambaye hukumwona." Nilitaka ardhi inifungukie. Opendi aliangalia viatu vyake.

Mzee amelala sasa, amepata nafuu kidogo. Lakini si hilo tu lililonileta kwenye daftari nikiwa bado na sare. Nilipokuwa nahesabu, mzee Ikwap alitaka maji. Alisema, "Binti." Akavuta hewa. "Nipe." Akavuta hewa. "Maji." Nikampa kikombe, na palepale nikasikia sauti nyingine. Sam. Bridgit. Amina.

Baba hajanifuta. Pumzi inamwishia kabla hajafika kwangu.

Jumapili, 30 Machi.

Leo sikufumba macho. Niliweka saa yangu mezani na kumwomba baba anisimulie mvua ya huko nyumbani. Alipenda kuulizwa. Nikahesabu kila alipovuta hewa. Kwenye simu inasikika, ukijua unachotafuta. Maneno matano, pumzi. Maneno manne, pumzi. Mtu ambaye zamani alikuwa akipanda kilima na abiria mgongoni huku anasimulia habari za mazishi!

"Baba, unalala vizuri?"

"Nalala kwa kiti. Kitanda inaumiza mgongo."

"Tangu lini?"

"Wacha maswali kama polisi. Tuombe."

Akamtaja Geoffrey na Phiona. Akamtaja Sam. Amina.

Nilikaa na simu imekufa mkononi. Mtu mwenye maji mapafuni hawezi kulala chali. Tulisoma hilo wiki iliyopita, nikalipigia mstari.

Jumanne, 1 Aprili.

Nimempigia Phiona. Phiona ni mtoto wa Mulanda, si Msamia, na Kisamia chetu bado kinamtatiza, kwa hiyo mimi naye ni Kiswahili. Nikamwambia, "Wifi, naomba umhesabie baba pumzi."

Akaanza kucheka kwa woga. "Mimi? Mzee? Wifi, wewe unajua mimi hata kumwangalia usoni siwezi. Nikimpelekea chai naweka chini, narudi nyuma."

Najua. Baba naye akimwona Phiona anakuja hugeuza kiti. Hiyo ndiyo heshima yao, na hakuna kati yao atakayeivunja kwa ajili ya saa yangu. Nikafikiri. Baba hukaa barazani, mgongo umeelekea jiko. Mlango wa jiko uko wazi.

"Usimwangalie usoni. Mwangalie shati, mgongoni. Kaa mlangoni na bakuli ya karanga. Weka dakika moja kwa simu. Shati ikipanda, tupa karanga moja ndani ya sufuria. Ikipanda tena, tupa nyingine. Simu ikilia, hesabu karanga."

"Na akiuliza?"

"Unachambua karanga."

"Haya," akasema. "Hiyo naweza."

Alhamisi, 3 Aprili.

Phiona: karanga ishirini na sita. Kuku alichukua mbili, nazo amezihesabu.

Nilimuuliza na habari za miguu. Amesema Jumapili mzee alikwenda kanisani na kandambili. Baba! Aliyekuwa anapaka viatu rangi Jumamosi jioni hata kama hana safari.

Jumatatu, 7 Aprili.

Karanga ishirini na nane. Nimekwenda kwa Sister kuomba ruhusa ya siku mbili. Nilisema baba yangu anaumwa, nina wasiwasi, nalia ovyo. Alikuwa anaandika, hakuinua kichwa.

"Taaka, kila mwanafunzi hapa ana mgonjwa nyumbani. Wasiwasi mimi nitaiandika wapi? Umemwona?"

"Hapana."

"Basi niletee yenye umeona. Mtihani ya vitendo ni tarehe ishirini na tatu. Ukikosa, unarudia muhula."

Nilitoka nikamchukia kwa moyo wangu wote. Opendi alinikuta kwenye ngazi, akanipa nusu ya chapati yake. Tangu siku ya mzee Ikwap na yeye anahesabu dakika nzima, anachelewa chakula kila siku, na hajawahi kulitaja.

Jumapili, 13 Aprili. Matawi.

Geoffrey na Phiona. Amina.

Nilimwambia, "Baba, nenda hospitali." Akasema, "Hii ni mvua tu. Ikikatika," akavuta hewa, "nitakuwa sawa." Nikamwambia tena. Akaniuliza kama nimekula.

Alhamisi, 17 Aprili.

Karanga thelathini. Phiona haongezi neno siku hizi, anatuma namba tu.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka.

Nilikuwa zamu, vitanda vimejaa. Mzee Ikwap alishatoka wiki iliyopita kwa miguu yake. Binti yake alinipungia mkono, nikajificha nyuma ya pazia.

Saa kumi nikatoka nje na simu. Baba alisema, "Mungu akubariki." Akavuta hewa. "Amina."

Hakumtaja hata mama.

Jumanne, 22 Aprili.

Nilikwenda kwa Sister bila machozi. Nilisimama mbele ya meza nikasema kama tunavyokabidhiana zamu.

"Mwanaume, miaka sitini na mbili. Pumzi ni thelathini na mbili kwa dakika akiwa ameketi, zimepanda kutoka ishirini na sita ndani ya siku kumi na tisa. Hawezi kulala chali, analala kwenye kiti. Maneno mawili kwa pumzi. Miguu yote miwili imevimba, viatu havimwingii. Hana homa. Kikohozi huzidi akijilaza. Ni baba yangu."

Sister akaweka kalamu chini. "Nani alihesabu?"

"Wifi yangu. Kwa karanga. Haruhusiwi kumtazama, ni baba mkwe wake, kwa hiyo alihesabu shati."

Akanitazama usoni. Nilidhani atacheka. Alivua stetoskopu shingoni mwake, ile yake ya rangi ya damu ya mzee ambayo hatuthubutu kuigusa, akaisukuma juu ya meza.

"Enda kesho asubuhi sana. Mlete hapa. Mtihani utarudia mwezi wa nane, na huo muhula usirudie, nitaenda kukuombea mimi mwenyewe." Nilipofika mlangoni akasema, "Baba yangu alipougua nilipeleka wasiwasi, kama wewe. Wakaniambia ningoje."

Sikugeuka. Nadhani hakutaka nigeuke. Nilimchukia wiki mbili bure.

Jumatano, 23 Aprili. Wodini, mchana.

Naandikia kwenye benchi la nje. Ndani wanamtoa damu.

Nilifika Busia saa mbili asubuhi. Uwanja umelowa, baiskeli ya baba imetundikwa ukutani kwenye misumari yake miwili, imefutwa matope. Yeye yuko barazani kwenye kiti, shati limefungwa vifungo mpaka juu. Amepungua uso na kuongezeka miguu. Phiona alikuwa mlangoni pa jiko na bakuli lake. Aliponiona akashika mdomo kwa mikono miwili.

Nikapiga magoti kumsalimu baba, kama inavyotakiwa. Nimepiga magoti maisha yangu yote na kusema kweli mara nyingi nikinung'unika moyoni, hasa kukiwa na matope. Leo nilishukuru. Kwa sababu ukipiga magoti mbele ya baba yako, miguu yake iko hapohapo mikononi mwako. Wakati anajibu salamu, polepole, nikaweka kidole gumba juu ya mfupa wa mguu, nikabonyeza, nikaondoa. Shimo likabaki. Nikaliangalia, halijai. Nikainua macho: mshipa wa shingo umesimama juu ya ukosi, unacheza.

"Mama yangu," akasema. "Umekuja. Leo si Jumapili."

Nilitoa stetoskopu ya Sister. Akaiona, akashika shati kwa mkono.

"Hapana. Taaka. Kifua ya baba. Si ya binti kuona."

Nilijua atasema hivyo. Ningekuwa mgeni ningembishia, lakini mimi ni wa nyumba hii. Nikaiweka chini juu ya mkeka, nikamshika kifundo cha mkono. Hiyo hakuikataa, mtu humshika mkono baba yake. Nikatazama shati.

Dakika nzima. Mapigo yalikuwa yanakimbia na kujikwaa. Shati likapanda mara thelathini na nne. Alikuwa ameniona midomo ikihesabu.

"Ngapi?"

"Thelathini na nne, baba."

"Na yenye inatakiwa?"

"Mwisho ishirini."

Akafunga macho. Akatabasamu kidogo, lile tabasamu lake la kupatana na askari wa mpakani. "Basi. Andika ishirini."

Hapo nikalia. Nililia nikiwa bado nimepiga magoti, na Phiona kule jikoni akaanza kulia bila kujua kimesemwa nini. Nikamwambia, "Niliandika ishirini, baba. Nilimwandikia mzee mmoja ishirini na sikumwangalia. Ilikuwa thelathini na sita. Nilikuwa na haraka ya kwenda kula."

Hakunigombeza. Alikaa akivuta hewa. "Huyo mzee. Alikuwa na mtoto?"

"Binti mmoja."

"Alikuwa wapi?"

"Alikuwa nje. Anamfulia nguo."

Baba akatazama baiskeli yake ukutani. Wangapi aliwabeba juu ya karia ile, wajawazito, watoto wenye degedege, wazee waliofungwa na shuka mgongoni mwake wasianguke, na sikuwahi kumsikia akimwambia mgonjwa hata mmoja asubiri mvua ikatike. Nadhani na yeye alikuwa anawahesabu.

"Mimi nilidhani," akasema, "nikienda hospitali, watakuita utoke shule. Nani atarudi huku, aache kazi, anioshee nguo. Wewe. Mwisho huwa ni wewe."

Kumbe hilo ndilo alilokuwa amelificha wiki nane, huku mimi nikidhani ananifuta.

"Sitoki shule," nikasema. "Unakuja wewe shuleni."

Akacheka, akakohoa, akacheka. Kisha akageuza kichwa upande wa jiko, si sana, kiasi cha heshima. "Na huyu. Kila siku anachambua karanga. Mwezi mzima. Sijawahi kula hata moja. Ni nini?"

Nikamwambia. Akasema kwa sauti ya kufika jikoni, "Asante, mwanangu." Phiona akaangusha bakuli.

Jirani akatutolea gari. Baba aliketi mbele, wima, amevaa kandambili, na viatu vyake amevipakata mapajani vimepakwa rangi.

Alhamisi, 24 Aprili.

Moyo umepanuka, na mapafu yana maji chini. Daktari amesema presha ya miaka mingi ambayo hakuna aliyeipima. Dawa za kukojoa maji, oksijeni, vidonge vya kunywa maisha yote. Baiskeli, hapana.

Sister Amuge alikuja kumsikiliza mwenyewe. Baba alimfungulia vifungo bila neno, kwake ni Sister tu. Mimi niligeukia ukuta. Kisha nikahisi kitu masikioni: Sister alikuwa ameniwekea ile stetoskopu yake, na kule mwisho mkono wake mwenyewe umeshika kile kichwa cha stetoskopu chini ya shati la baba. Nikasikiliza nikitazama rangi ya ukuta. Chini, upande wa kulia, kulikuwa na mchakacho mwembamba, kama chumvi ikimwagwa kwenye kikaango cha moto. Juu yake moyo, wa haraka, unaojikwaa na kuendelea. Sikuwahi kuusikia moyo wa baba. Nilikaa naye miaka kumi na tisa nyumba moja na sikuwahi.

"Umesikia?" Sister akauliza.

"Nimesikia."

Jumatatu, 28 Aprili.

Pumzi ishirini na sita. Amelala na mito mitatu badala ya kiti. Jana saa kumi alikuwa amesinzia, sikumwamsha.

Ijumaa, 2 Mei.

Ishirini na nne. Mguu wa kulia umeingia kiatuni. Opendi ndiye aliyemfungia kamba, kisha wakabishana kuhusu kama Molo kuna mtu anayejua kuendesha baiskeli.

Jumapili, 4 Mei.

Mvua imenyesha asubuhi ikakata. Mwamba ulionekana wote, mpaka juu.

Saa kumi nilikuwa zamu. Nikafika kitandani kwake na chati. Ameketi nusu, mito miwili, viatu vimepangwa chini. Nikamshika kifundo cha mkono.

"Umekula?" akaniuliza.

"Nimekula."

"Unaumwa?"

"Hapana, baba."

"Unasali?"

Hakungoja jibu. Akasema, "Sasa tuombe," na mzee wa kitanda cha jirani akavua kofia.

Hakuanza na mvua. Hakuanza na mpaka wala baiskeli. Alivuta hewa yote aliyokuwa nayo, na neno la kwanza lililotoka ni, "Taaka, mama yangu."

Kisha Ritah. Akapumua. Kisha Bridgit. Akapumua. Anatupanda kinyumenyume, kutoka chini. Nilimwangalia ingawa hatuangalii wakati wa sala, na alikuwa amefumbua jicho moja.

"Pumzi ya kwanza ni yako," akanong'ona. "Hao wakubwa. Mungu atamalizia."

Akafika kwa Sam, akaishiwa. Alifungua mdomo akatafuta hewa, ikakawia. Nilisubiri, na alipotikisa kichwa nikamalizia mimi: Geoffrey, na Phiona mke wake, na mama aliyelala Busia, na mvua, na jua, na mpaka, na baiskeli iliyo ukutani. Nilisema yote kwa pumzi moja, nilihakikisha. Tukasema Amina wote wawili, na mzee wa jirani wa tatu.

Kisha nikaangalia saa, nikaendelea kumshika mkono kana kwamba bado nahesabu mapigo, naye akajifanya hajui. Dakika nzima. Ishirini na mbili. Nikaandika ishirini na mbili.